Kuuona Moyo Ulio Hai: Kutoka Meza ya Maiti ya Mulago hadi Mashine ya MRI

Watu wa nje wakiitaja Omugo siku hizi, mara nyingi wanazungumzia wakimbizi wa Sudan Kusini waliopokelewa hapa kuanzia mwaka 2017, makazi ya Rhino Camp yalipopanuliwa hadi kwetu. Wachache wanajua kwamba Omugo, ambayo zamani ilikuwa ndani ya Wilaya ya Arua na sasa imo katika Wilaya ya Terego, ina nafasi yake katika historia ya tiba duniani. Katika miaka ya 1990 ugonjwa wa malale ulirudi kwa nguvu West Nile, na Omugo ikawa na kituo cha kuutibu, kikisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka. Dawa ya hatua ya mwisho ya ugonjwa huo wakati ule ilikuwa melasoproli, dawa yenye aseniki ndani yake, ambayo iliua baadhi ya wale iliokusudiwa kuwaponya. Kati ya 2001 na 2002 wagonjwa 54 walishiriki Omugo katika jaribio la kulinganisha mchanganyiko wa dawa tatu tofauti. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ya madhara ya michanganyiko yenye melasoproli. Mchanganyiko usiokuwa nayo, yaani nifurtimoksi pamoja na eflonithini, ndio ulioonyesha matumaini. Ukaendelea kujaribiwa katika nchi nyingine, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likauingiza katika orodha ya dawa muhimu.

Nimeanza na malale kwa sababu moja. Ugonjwa ule ulishindwa kwanza kwa kuonekana. Timu zilitoka kwenda vijijini, zikapapasa tezi za shingo, zikapima damu, zikaweka matone chini ya hadubini. Mgonjwa hakungojwa aanguke ndipo afikishwe kituoni. Ugonjwa wa vali za moyo, ambao ndio mada yangu, umekuwa na historia tofauti. Upo miongoni mwetu kwa miaka mingi, lakini vyombo vya kuuona vimekaa mbali. Katika insha hii nitaeleza jinsi Uganda ilivyojifunza kuuona moyo mgonjwa, kuanzia meza ya maiti hadi mashine ya MRI, na nitauliza mashine hiyo ina nafasi gani kwa watu wa Omugo, Arua na Koboko.

Kwanza nieleze vali ni nini. Moyo una vyumba vinne na vali nne. Vali ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu: damu ikipita, mlango unafunga ili isirudi ilikotoka. Vali inaweza kuharibika kwa njia mbili. Inaweza kubana, damu ikapita kwa shida, au inaweza kushindwa kufunga, damu ikavuja kurudi nyuma. Hali zote mbili huulazimisha moyo kufanya kazi zaidi ya uwezo wake. Kwa miaka kadhaa moyo huvumilia, hata mwenyewe asijue lolote. Halafu siku moja mtu anashindwa kupanda kilima alichokuwa akikipanda kila siku, miguu inavimba, na usiku hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi.

Katika nchi zetu chanzo kikubwa cha maradhi haya ni homa ya baridi yabisi. Mtoto anaugua koo kwa vijidudu vya streptokoki. Asipotibiwa, kinga ya mwili wake inaweza kukosea shabaha na kuushambulia moyo wake mwenyewe. Kila shambulio huacha vali imejikunja na kuwa nene zaidi. Huko Ulaya ugonjwa huu ulipungua sana katika karne ya 20, nyumba zilipoacha kusongamana na penisilini ilipopatikana kwa urahisi. Kwetu haukupungua hivyo. Utafiti mkubwa uliowaandikisha wagonjwa 3,343 kati ya 2010 na 2012 katika nchi 12 za Afrika, Uganda ikiwemo, pamoja na India na Yemen, ulikuta kwamba nusu yao walikuwa na umri usiozidi miaka 28, na wawili kati ya kila watatu walikuwa wanawake. Basi hatuzungumzii ugonjwa wa wazee. Tunazungumzia mama mwenye mtoto mgongoni na kijana aliye darasani.

Uganda ina ugonjwa mwingine unaoharibu vali, na huu ndio ulioiandika Mulago katika vitabu vya udaktari. Mwaka 1948 daktari wa maabara, J. N. P. Davies, alichapisha maelezo ya mioyo aliyoikuta katika uchunguzi wa maiti. Ndani ya vyumba vya chini vya moyo alikuta kovu jeupe, nene na gumu, lililotandaa kama lipu ukutani. Kovu hilo lilijaza ncha ya moyo, likapanda hadi kushika nyuzi zinazozuia vali, na vali ikashindwa kufunga. Ugonjwa huo uliitwa fibrosisi ya endomyokadia, na wengine waliuita ugonjwa wa Davies. Mwaka 1954 Davies na wenzake A. W. Williams na John Ball wakaandika kwa kirefu jinsi ya kuutambua. Katika miaka ya 1960 Krishna Somers, Michael Hutt na Mganda Paul D'Arbela waliendeleza kazi hiyo, na Mulago ikawa mahali ambapo madaktari wa moyo wa nchi nyingine walikuja kujifunza.

Tukumbuke walikuwa akina nani waliolala juu ya meza ile. Madaktari wa Mulago waliona kwamba wagonjwa wengi walikuwa wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi, waliokuja Buganda kufanya vibarua katika mashamba ya pamba na kahawa. Sisi wa West Nile tunaijua safari kama hiyo, maana babu zetu walishuka kusini kwa maelfu kukata miwa huko Kakira na Lugazi. Watu waliochoka kwa kazi, wanaokula chakula duni, mbali na nyumbani, ndio walioifundisha dunia ugonjwa huu. Majina yao hayamo katika makala za kisayansi. Mioyo yao imo.

Hapo ndipo tatizo kubwa la kihistoria lilipokuwa. Davies aliweza kuliona kovu kwa sababu moyo ulikuwa mkononi mwake, umepasuliwa. Mgonjwa aliye hai angewezaje kuonwa hivyo? Tangu 1816, René Laennec alipobuni stetoskopu mjini Paris, daktari aliweza kusikia vali inavyovuma, lakini kusikia si kuona. Picha za eksirei, zilizovumbuliwa mwaka 1895, zilionyesha kivuli cha moyo uliopanuka bila kuonyesha kilichomo ndani. Hatua iliyofuata ilitoka mahali ambapo mtu asingetarajia. Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler alikuwa akitafuta njia ya kuchunguza vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto, kabla ya mgonjwa kupasuliwa. Mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz akaazima chombo cha kiwanda cha meli mjini Malmö, kilichotumika kutafuta nyufa ndani ya chuma kwa mawimbi ya sauti. Wakakielekeza kifuani. Huo ukawa mwanzo wa ekokadiografia, ambayo wengi wetu tunaiita eko, yaani ultrasaundi ya moyo.

Uganda ingeweza kuzipokea hatua hizi kwa nguvu zaidi, lakini historia yetu ya siasa iliingia kati. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, alitwaa serikali. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa kwa notisi ya siku 90, na madaktari wengi, Waasia, Wazungu na Waganda, wakaondoka wakati ule na miaka iliyofuata. Somers alimalizia kazi yake Perth, Australia. Utafiti wa moyo uliokuwa fahari ya Mulago ukadhoofika. Kisha Amin alipoanguka mwaka 1979, watu wa West Nile walilipishwa kisasi kwa makosa ambayo wengi wao hawakuyatenda, wakakimbilia Sudan na Zaire. Mtoto aliyekua kambini katika miaka ile, koo likimuuma, nani angempa penisilini? Kwa hiyo hasara ile inatuhusu mara mbili. Nchi ilipoteza wataalamu wa moyo, na mkoa wetu ukapoteza hata kituo cha afya kilicho karibu.

Ujenzi ulianza upya polepole. Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianzishwa mwaka 1988 hapo hapo Mulago. Mwaka 2007 upasuaji wa kuufungua moyo ulianza kufanyika nchini, na mwaka 2016 Bunge likatunga sheria iliyoipa taasisi hiyo mamlaka yake yenyewe. Mwaka 2012 madaktari wa Uganda na Marekani, wakiwemo Andrea Beaton, Emmy Okello na Peter Lwabi, walichapisha matokeo ya kuwapima watoto 4,869 wa shule za Kampala. Stetoskopu ilikuta dalili za ugonjwa kwa asilimia 0.5 ya watoto. Eko iliukuta kwa asilimia 1.5. Maana yake ni kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyesikika, wawili wengine walikuwa wagonjwa bila mtu kusikia chochote.

Somo hili nilikutana nalo nyumbani kabla ya kulikuta maktaba. Binti wa shangazi yangu alikuwa na miaka 16 alipoanza kukosa pumzi akibeba maji. Kwa muda mrefu alitibiwa malaria, kisha pumu. Alipopimwa eko hatimaye, ilionekana vali yake ya mitrali inavuja. Akaanzishiwa sindano ya penisilini kila wiki nne, ili homa isirudi kuongeza madhara. Lakini je, vali inavuja kiasi cha kupasuliwa sasa, au angoje? Picha haikutosha kuamua. Wakaambiwa ingefaa apigwe picha ya MRI ya moyo, kusini, karibu kilomita 500 kutoka nyumbani, kwa fedha ambazo hazikuwepo. Shangazi aliniuliza, "Mwanangu, wewe unayesoma, hiyo picha nyingine ina kitu gani ambacho hii haina?" Sikuwa na jibu siku ile. Sehemu inayofuata ni jibu langu kwake.

Mashine ya MRI haitumii mionzi ya eksirei. Ni sumaku kubwa yenye umbo la pango. Miili yetu imejaa maji, na ndani ya maji kuna haidrojeni. Sumaku huvipanga viini vya haidrojeni, mawimbi ya redio huvitikisa, na vinaporudi mahali pake hutoa ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha. Paul Lauterbur alichapisha picha za kwanza za namna hii mwaka 1973, Peter Mansfield akaendeleza hesabu na kasi yake, na mwaka 2003 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Moyo ulikuwa mgumu kupigwa picha kwa sababu hautulii. Katika miaka ya 1980 watafiti waliifungamanisha mashine na mapigo ya moyo, kila kipande cha picha kikachukuliwa katika wakati ule ule wa pigo. Wakati huo huo, watafiti wa London walionyesha kwamba mashine inaweza kupima hata kasi ya damu inayopita.

Kwa mgonjwa wa vali, MRI hujibu maswali matatu. La kwanza: damu inavuja kiasi gani? Tuseme chumba cha kushoto kinasukuma mililita 100 kwa kila pigo. Mashine ikipima mshipa mkuu wa aota na kukuta ni mililita 60 tu zinazokwenda mwilini, basi mililita 40 zimerudi nyuma kupitia vali ya mitrali, yaani asilimia 40. Hesabu ni ya shule ya msingi, lakini bila vipimo vya kuaminika huwezi kuifanya. Eko nayo hukadiria uvujaji, ila mbavu, mapafu na mwelekeo wa mkono wa mpimaji vinaweza kuiyumbisha. Swali la pili: chumba cha moyo kimepanuka kiasi gani, na bado kinasukuma vizuri? Hili husaidia kuamua upasuaji ufanyike lini, kabla moyo haujachoka kupita kiasi. Swali la tatu: je, kuna kovu? Mgonjwa hudungwa dawa yenye gadolini, na baada ya dakika kadhaa sehemu zenye kovu hung'aa kwenye picha.

Swali hili la tatu linaturudisha kwa Davies. Mwaka 2011 madaktari wa São Paulo, Brazil, walieleza picha za MRI za wagonjwa wa fibrosisi ya endomyokadia. Kovu lile lile lililofunika ncha ya moyo kwenye meza ya maiti ya Mulago lilionekana likiwa limeng'aa ndani ya mtu aliye hai, na juu yake damu iliyoganda. Kadiri kovu lilivyokuwa kubwa ndivyo hali ya mgonjwa ilivyokuwa mbaya. Mimi nilifurahi kusoma hayo, kisha nikahuzunika. Ugonjwa ulielezwa kwa mioyo ya vibarua waliofia Uganda, na picha zilizouonyesha wazi namna hiyo zikatoka upande wa pili wa bahari.

Hata hivyo, mwanafunzi wa historia anapaswa kujihadhari na hadithi inayofanya kila mashine mpya kuwa mkombozi. MRI ina mipaka yake. Mapigo ya moyo yakiwa hayana mpangilio, jambo la kawaida kwa wagonjwa wa vali ya mitrali, picha huharibika. Mgonjwa anatakiwa kubana pumzi mara kwa mara, na mtu anayehema hawezi. Vijiuvimbe vya maambukizi vinavyorukaruka juu ya vali huonekana vizuri zaidi kwa eko. Isitoshe, mashine ya kawaida ya hospitali ina nguvu ya Tesla 1.5, takribani mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia, na huhitaji umeme usiokatika, heliamu ya kuipoza na wataalamu wa kuiendesha. West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta za mafuta na bwawa dogo la Nyagak lililoko Zombo. Mashine kama hiyo ingefikishwa Omugo zamani hizo ingekuwa kabati ghali tu.

Jambo lingine ni kwamba ushindi mkubwa wa karibuni dhidi ya ugonjwa wa vali nchini mwetu haukuhitaji MRI. Watafiti walipima kwa eko zaidi ya watoto 100,000 kaskazini mwa Uganda, kituo chao kikiwa Gulu. Watoto na vijana 818 wenye dalili za mwanzo kabisa waligawanywa makundi mawili: moja lilidungwa penisilini kila wiki nne, jingine halikudungwa. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 8.2 ya wasiodungwa, na kwa asilimia 0.8 tu ya waliodungwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Kabla yake, mwaka 2016, utafiti mwingine wa huko huko Gulu ulikuwa umeonyesha kwamba wauguzi waliofundishwa wanaweza kutumia eko ndogo ya kushika mkononi kuwatambua watoto wanaohitaji kuchunguzwa zaidi. Gulu si Ulaya. Ni jirani zetu wa ng'ambo ya Nile.

Kutokana na hayo wapo wanaosema nchi maskini iachane na MRI, inunue penisilini. Nakubali kwamba penisilini itangulie, lakini sikubali kwamba hoja inaishia hapo. Penisilini inazuia homa ya baridi yabisi. Haizuii fibrosisi ya endomyokadia, ambayo chanzo chake hakijathibitishwa hadi leo. Wengine wameshuku minyoo na seli nyeupe za eosinofili, wengine madini ya udongoni, wengine mlo wa muhogo usio na protini ya kutosha. Muhogo ndio chakula chetu cha kila siku, basi swali hilo si la wageni. Utafiti wa eko uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu eneo la vijijini la Inhambane, Msumbiji, uliwapima watu 1,063 na kuwakuta asilimia 19.8 wakiwa na ugonjwa huu, wengi wao wasijue. Tukisema nchi zetu zinahitaji dawa rahisi tu, tutakuwa tumekubali kwamba magonjwa yetu magumu yachunguzwe na wengine, au yasichunguzwe na mtu.

Malale yalitufundisha mpangilio unaofaa. Kulikuwa na ngazi: mkono wa kupapasa tezi kijijini, hadubini kituoni, na jaribio la dawa hapa hapa Omugo, lililofanywa kwa kiwango kilichobadili tiba ya dunia. Ugonjwa wa vali nao unahitaji ngazi yake. Kituo cha afya kitibu koo la mtoto. Muuguzi mwenye eko ndogo apite shuleni na makambini, kwa wenyeji na wakimbizi. Daktari wa moyo awepo Arua. Na kwa wale wachache ambao eko imeshindwa kuwaamulia, MRI iwepo Uganda, pamoja na nauli na utaratibu wa kumfikisha mgonjwa wa Koboko kwenye mashine hiyo. Mwaka 2018 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huu, na serikali zilikubali. Azimio halimfikishi mtu Kampala. Nauli ndiyo inayomfikisha.

Ngazi ya chini isipojengwa, MRI itawapiga picha wale tu ambao wamekwisha kuchelewa. Ngazi ya juu isipojengwa, vijana kama binti wa shangazi yangu wataendelea kudungwa sindano kila wiki nne bila kujua vali yao inavuja mililita ngapi, na kama wakati wa kupasuliwa umefika au umepita.